Tanuru Kongwe la Coalbrookdale: maji, chumvi na mwaka uliopakwa rangi

Mbele ya Tanuru Kongwe la Coalbrookdale, Shropshire, Uingereza, boriti za chuma cha kusubu zimepangwa moja juu ya nyingine ili kubeba ukuta wa mawe ulio juu ya uwazi wa kutolea chuma. Boriti ya juu ina jina la Abraham Darby, mwenye tanuru wa wakati huo, na mwaka 1777. Chini yake kuna ya zamani zaidi, nayo ina mwaka ambao kwa muda mrefu ulisomwa 1638. Usomaji huo ulitokana na ukarabati. Tarakimu zilipitishwa rangi nyeupe ili zionekane kwa mbali, na ya tatu ikapakwa kama 3. Baadaye ilipatikana picha ya kale inayoonyesha 5, yaani 1658.

Hakuna jiwe lililovunjwa wala boriti iliyong'olewa, lakini umri wa tanuru ulisogea miaka 20. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa kirefu kwa sababu hiyo. Masalio ya tanuru yana maadui wawili wakubwa, maji na mkono wa kurekebisha, na mkono wa kurekebisha huingia kwa nia njema ukiwa na bajeti na mkataba. Tanuru hili lina thamani kwa sababu ya alama zake, hata zile zinazoonekana kama kasoro. Kazi ya mhifadhi ni kuzuia zisifutike.

Tanuru lilivyofanya kazi

Bila kuelewa kazi yake, mtu hawezi kujua kipi kwenye masalio ni ushahidi na kipi ni uchafu. Kwa nje tanuru ni mnara mnene wa mawe wenye pembe nne, na kwa ndani ni shimo la duara. Lililishwa kutoka juu kwa matabaka ya mawe ya chuma, fueli na mawe ya chokaa. Mawe ya chuma yalichomwa kwanza kando, ili kuondoa unyevu na hewa ya kaboni dioksidi iliyofungwa ndani yake. Chini, upande mmoja, mivukuto iliyoendeshwa na gurudumu la maji ilipuliza hewa kupitia kewa, yaani mdomo mwembamba unaoingia kwenye kitako cha tanuru.

Fueli ikiungua mbele ya kewa hutoa kaboni monoksidi, na gesi hiyo ikipanda hunyang'anya mawe oksijeni yake. Chuma kinachobaki hufyonza kaboni. Kikifikisha karibu asilimia 4 ya kaboni, huyeyuka kwenye nyuzi takriban 1,150 za Sentigredi, ilhali chuma safi huhitaji zaidi ya nyuzi 1,530. Chokaa hushikana na udongo wa mawe pamoja na majivu ya fueli, vikawa mavi ya chuma. Mavi hayo ni mepesi kuliko chuma, kwa hiyo huelea juu yake na hutolewa kwanza. Kisha mafundi hutoboa tundu la chini lililozibwa kwa udongo, na chuma hutiririka kwenye mifereji na kalibu za mchanga.

Msomaji anayejua malungu, yaani matanuru ya chuma ya Wafipa wa Rukwa, ataona tofauti hapo. Malungu yalikuwa marefu na yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma chake hakikugeuka kuwa maji. Kilitoka kikiwa bonge lililochanganyika na mavi, likasafishwa tena kwenye tanuru dogo kabla ya kwenda kwa mhunzi. Chuma hicho kinafulika kwa nyundo. Chuma cha Coalbrookdale kina kaboni nyingi na kikigongwa huvunjika, lakini kinajaza kalibu yoyote utakayoitengeneza.

Mahali palichaguliwa kwa ajili ya maji na mteremko. Tanuru lilichimbiwa chini ya ukingo wa bwawa, hivyo watu wa kulisha waliweza kufika mdomoni kwa kutembea kutoka ardhi ya juu bila kupandisha mizigo. Maji ya bwawa yalishuka kwenye gurudumu lililokuwa ubavuni. Kiangazi maji yalipungua na tanuru likalazimika kupumzika, kwa hiyo mwaka 1742 ikawekwa injini ya mvuke ya aina ya Newcomen ya kuyarudisha maji yaliyotumika hadi kwenye mabwawa ya juu, yashuke tena.

1709, na kile ambacho hakionekani

Abraham Darby wa kwanza, babu wa yule wa boriti ya 1777, alikuwa wa dhehebu la Wakwekeri. Ujana wake alijifunza kazi kwa mtengenezaji wa vinu vya kusagia kimea huko Birmingham, na wakaushaji wa kimea walikuwa wamezoea kutumia makaa ya koki, kwa kuwa moshi wa makaa ya mawe mabichi huharibu ladha. Mwaka 1707 alipata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwenye kalibu za mchanga. Mwaka 1708 alikodi tanuru la Coalbrookdale, ambalo wakati huo lilikuwa limelipuka na kuachwa, akalitengeneza, na Januari 1709 likawashwa kwa koki badala ya mkaa wa miti. Mauzo ya mwaka wa kwanza yalikuwa tani 81 za bidhaa za chuma.

Koki ni makaa ya mawe yaliyochomwa kwenye tuta lililofunikwa, kwa hewa kidogo, hadi gesi na lami vikatoka na sehemu ya salfa ikapungua. Salfa ndiyo ilikuwa shida kubwa, kwa kuwa ikibaki kwenye chuma hukifanya kipasuke. Bahati ya Darby ilikuwa bonde lenyewe, kwani makaa ya pale yalikuwa na salfa kidogo, na tanuru lenye moto mkali na chokaa ya kutosha hupeleka sehemu kubwa ya salfa iliyobaki kwenye mavi. Moto huo mkali uliingiza pia silikoni nyingi kwenye chuma. Chuma chenye silikoni huganda polepole na kujaza kalibu nyembamba, kwa hiyo kilimfaa sana mtu wa vyungu. Wahunzi hawakukitaka, kwa sababu silikoni iliwachelewesha kukigeuza kuwa chuma cha kufua. Ndiyo maana mapinduzi yanayohusishwa na 1709 yalichukua takriban miaka 40 kuenea. Ilibidi mwanawe, Darby wa pili, katika miaka ya 1750, apate njia ya kutoa chuma cha koki kinachofaa kwa wahunzi.

Jambo moja ni lazima liwekwe wazi kwa kila mgeni anayesimama mbele ya tanuru: hatazami ukuta wa ndani wa 1709. Bitana la tanuru huliwa na moto na mavi, na baada ya kila msimu mrefu wa kazi hubomolewa na kujengwa upya. Tanuru lilifanya kazi hadi takriban 1818. Kinachoonekana ndani ni umbo la mwisho, na sehemu kubwa yake ni matokeo ya upanuzi wa Darby wa tatu mwaka 1777, alipokuwa akijiandaa kwa daraja la chuma juu ya mto Severn. Daraja hilo lina vipande takriban 1,700 na uzito wa takriban tani 378. Lilisimamishwa mwaka 1779 na kufunguliwa tarehe 1 Januari 1781.

Mdomo uliopinda

Ushahidi mzuri kuliko wote umo ndani ya tanuru. Shimo hupanuka katikati, kisha kuta hurudi ndani hadi kwenye kitako chembamba chenye joto kali. Ukilitazama kwa makini utaona kwamba mdomo wa juu hauko katikati ya shimo. Darby wa tatu alipolipanua, alichimba upande wa mbele na upande wa kushoto tu. Upande wa kulia hakuugusa, kwa kuwa gurudumu la maji lilikuwa hapo na kulihamisha kungegharimu muda na fedha.

Mtu asiyejua habari hiyo ataona ukuta uliojengwa vibaya. Akipewa kazi ya kuimarisha sehemu ya juu, atashawishika kunyoosha duara, kujaza upande mmoja kwa matofali na kusawazisha ukingo. Akifanya hivyo atafuta maelezo pekee yaliyobaki kwenye jengo lenyewe kuhusu gurudumu lilikuwa wapi na mwenye tanuru alifikiri nini alipohesabu gharama zake. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwenye tanuru lolote ni kupima kabla ya kugusa: michoro ya kipimo cha 1:20 kwa kila uso, picha zenye rula ndani yake, na upimaji wa leza wa shimo la ndani, kwa sababu jicho la mtu aliyesimama chini haliwezi kuona mpindo wa sentimita chache juu yake.

Vivyo hivyo kwa ngozi ya kioo iliyoganda kwenye mawe ya ndani. Rangi yake huwa ya kijani, buluu au nyeusi, na mfanyakazi wa usafi huiona kama uchafu wa kukwaruzwa. Hayo ni mavi ya chuma yaliyoshikana na jiwe wakati tanuru likiwa hai. Yanaonyesha moto ulifika wapi na kewa ilielekea wapi, na kipande kidogo kikipimwa maabara hutoa habari za chokaa na salfa zilizokuwemo. Kikwaruzo kimoja hakirudishiki.

Kufukuliwa, kisha kufunikwa

Baada ya 1818 tanuru halikubomolewa. Kiwanda cha kusubu kiliendelea kulizunguka na vifusi vikalizika, na hilo lililihifadhi kuliko juhudi yoyote ya karne hiyo, kwa kuwa udongo huzuia barafu na hubadilisha joto na unyevu polepole sana. Mwaka 1959, katika kuadhimisha miaka 250 tangu koki ya Darby, kampuni ya Allied Ironfounders iliyomiliki kiwanda ililifukua na kufungua makumbusho madogo. Mwaka 1970 eneo likawa chini ya wakfu wa makumbusho ya Ironbridge Gorge. Mapema miaka ya 1980 likajengwa jengo la kulifunika, na mwaka 1986 bonde lote la Ironbridge likaingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia.

Kati ya kufukuliwa na kufunikwa ilipita zaidi ya miaka 20, na hapo ndipo hatari ya masalio ya aina hii huwa kubwa. Jiwe la mchanga lililochomwa mara nyingi huwa na nyufa ndogo zisizoonekana. Mvua ikiingia humo na usiku ukashuka chini ya nyuzi 0, maji hugeuka barafu, hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kubandua uso. Paa lilihitajika, na hilo halina ubishi. Lakini paa haliondoi maji yote. Linakata ya juu na kuyaacha ya chini, na tanuru lililochimbiwa kwenye ukingo wa bwawa lina maji ya chini ya kutosha.

Chumvi

Hapa ndipo miradi mingi ya matanuru hukwama. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta kupitia vinyweleo vya mawe na viungo. Njiani huyeyusha salfeti, ambazo kwenye tanuru la koki haziishi: zimo kwenye majivu, kwenye mavi, kwenye masizi yaliyonyonywa na mawe kwa zaidi ya karne. Maji yakifika kwenye uso mkavu hukauka na kuacha chumvi. Zikiota juu ya uso tunaona unga mweupe, ambao hauna madhara makubwa. Zikiota milimita chache ndani hubandua uso wote kwa magamba.

Salfeti ya sodiamu ndiyo mbaya zaidi. Kwenye joto la nyuzi 20, unyevu wa hewa ukivuka karibu asilimia 75, chumvi kavu hunywa maji na ujazo wake huongezeka zaidi ya mara 3. Unyevu ukishuka, hukauka tena. Kila mzunguko unasukuma kuta za vinyweleo. Jengo la kufunika likiwa linapata jua mchana na kupoa usiku, unyevu unaweza kuvuka mpaka huo kila siku. Mtu akiweka vipasha joto majira ya baridi ili wageni wasitetemeke, hewa hukauka, ukuta huvuta maji zaidi kutoka ardhini, na chumvi huletwa kwa kasi zaidi. Kwa maoni yetu, mgeni avae koti. Joto la wageni lisiwe sababu ya kubadilisha hewa ya tanuru.

Utaratibu unaofaa huanza nje ya ukuta. Kwanza ni mfereji wa kukata maji upande wa mlima, wenye kokoto na bomba lenye matundu, ukiishia mahali maji yanapoweza kutoka bila kurudi. Usichimbwe kugusa msingi. Kwenye eneo la akiolojia kila sentimita ya mfereji huo lazima ichimbwe na wanaakiolojia, kwa sababu pembeni mwa tanuru ndipo palipokuwa na shimo la gurudumu, mivukuto na sakafu za kusubia. Mifereji ya zamani iliyojengwa kwa matofali izibuliwe kwanza kabla ya kufikiria mipya, maana mara nyingi chanzo cha maji ni mfereji wa karne ya 18 uliojaa tope.

Pili ni vipimo. Vipima joto na unyevu viwekwe angalau mahali pa nne: nje, ndani ya jengo juu, ndani chini, na ndani ya shimo la tanuru, vikiandika kila saa kwa mwaka mzima. Vipimo vya wiki mbili vya kiangazi haviambii mtu chochote kuhusu Februari. Nyufa ziwekewe vipande vya kupimia mwendo, visomwe kila mwezi siku ileile, kwa kuwa ukuta hutanuka na kusinyaa kwa majira na ufa unaofunguka majira ya joto huenda ukajifunga wenyewe.

Tatu ndipo chumvi yenyewe. Unga ukionekana, upigwe picha, uondolewe kwa brashi laini kavu na uwekwe kwenye mfuko wenye tarehe na mahali ulipotoka. Usioshwe kwa maji, maana maji huyeyusha chumvi na kuirudisha ndani ambako itaota tena pabaya zaidi. Kama uso umeanza kubanduka, kinaweza kutumika kibandiko cha karatasi iliyoloweshwa maji safi yasiyo na madini au cha udongo laini, kiachwe hadi kikauke na kung'olewa pamoja na chumvi kilizozivuta. Kijaribiwe kwanza kwenye eneo dogo lisiloonekana. Kibandiko kikiwekwa wakati ukuta bado unavuta maji kutoka ardhini ni kazi ya bure, kwa sababu kitaita chumvi mpya kila kikiwekwa.

Saruji, na viungo vya mawe

Saruji ni ngumu kuliko jiwe la mchanga na hairuhusu maji kupita. Ikijazwa kwenye viungo, maji hutokea kwenye jiwe badala ya kiungo, chumvi huota kwenye jiwe, na baada ya miaka michache viungo vinabaki vimesimama kama uzio huku mawe yameliwa kati yake. Wanaofanya kazi kwenye kuta za mawe ya matumbawe huko Kilwa na Gede wanaijua hadithi hiyo vizuri.

Kiungo kilichoharibika kichimbwe kwa mkono, patasi nyembamba, bila mashine ya kukata, hadi kina cha takriban mara mbili ya upana wake au milimita 25 angalau. Kisafishwe, kiloweshwe kidogo, kisha kijazwe kwa mchanganyiko wa chokaa, kipimo 1 cha chokaa inayoganda kwa maji na kama 2.5 za mchanga mkali uliochujwa, uliochaguliwa kufanana na wa asili kwa rangi na punje. Ukali wa chokaa uchaguliwe ili kiungo kiwe laini kuliko jiwe. Kazi isifanywe joto likiwa chini ya nyuzi 5, na kiungo kifunikwe gunia la maji kwa siku kadhaa kisikauke haraka. Kikikauka siku moja kitakuwa unga.

Boriti

Chuma cha kusubu hubeba mzigo wa kukandamizwa vizuri sana na hubeba vibaya mzigo wa kuvutwa. Boriti inayobeba ukuta huvutwa upande wa chini, na kwenye tanuru boriti hiyo imepashwa joto na kupozwa kwa miaka mingi. Ufa wa zamani usichomelewe. Kuchomelea hupasha sehemu moja wakati iliyobaki ni baridi, na chuma cha kusubu hujibu kwa kupasuka mahali pengine. Kama mzigo unatia shaka, huwekwa nguzo ya chuma cha kisasa chini yake, inayoweza kuondolewa na isiyojificha kuwa ya kale.

Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Mwisho wa boriti uliofukiwa ukutani ukishika kutu, hunyanyua mawe yaliyo juu yake, na ufa unaoonekana kwenye jiwe chanzo chake ni unyevu kwenye chuma. Kuziba ufa huo bila kukausha mwisho wa boriti ni kuchelewesha tu.

Uso wenye herufi usipulizwe mchanga kamwe. Herufi zilisubiwa pamoja na boriti, zimeinuka milimita chache tu, na kingo zake ndizo zinazotofautisha 3 na 5. Kutu iliyolegea iondolewe kwa brashi ya nailoni, kisha uso upakwe nta ya mikrokristalini katika tabaka jembamba, na kurudiwa kadiri vipimo vya unyevu vinavyoonyesha. Rangi ya kukoleza herufi isirudishwe. Mtu akitaka kusoma mwaka, taa iwekwe pembeni kabisa ya uso, karibu sambamba nao, ili kivuli kitokeze kila ukingo. Picha ya namna hiyo, ikipigwa kutoka pande zote nne na kuwekwa kwenye bango karibu na boriti, inampa mgeni nafasi ya kusoma mwenyewe.

Kibali

Masalio haya yanalindwa kisheria, chini ya Sheria ya Mambo ya Kale na Maeneo ya Akiolojia ya 1979. Chini ya sheria hiyo hata ukarabati unahitaji kibali cha maandishi kutoka serikalini, baada ya ushauri wa taasisi ya urithi ya taifa, na kufanya kazi bila kibali ni kosa la jinai. Kibali kwa kawaida hukoma baada ya miaka 5 kama kazi haijaanza. Hili huwaudhi wasimamizi wengi, lakini muda wake unaendana vizuri na kazi yenyewe. Mwaka wa kwanza ni wa vipimo na michoro, wa pili ni wa kuzibua mifereji ya zamani na kukata maji, wa tatu ni wa kusubiri ukuta ukauke polepole huku chumvi ikikusanywa na kupimwa uzito kila mwezi. Viungo na mawe viguswe baada ya hapo, na maombi ya kibali yaandikwe kwa mpangilio huo, kila hatua ikiwa na sharti lake la kuanza: hakuna chokaa mpya itakayowekwa kabla ya vipimo vya unyevu wa ukuta kutulia kwa majira yote manne.